Motoka za umeme zinazidi China, juu ya nini kobalti yetu ilianguka?

Mwaka 2025 ulimalizika na habari iliyozunguka dunia nzima: BYD, kampuni ya Wachina yenye makao Shenzhen, ilipita Tesla ya Wamarekani. BYD iliuzisha motoka milioni 2,26 zenye kutembea na batri peke yake, Tesla ikabaki kwenye milioni 1,64. Ukiongeza zile zenye kuchanganya batri na esanse, BYD ilifika milioni 4,6 kwa mwaka mumoja.

Mwaka ule ule, kwetu huku Katanga ya zamani, ulikuwa mwaka wa kobalti kufungiwa mupakani. Kuanzia tarehe 22 Februari 2025 serikali ilikataza kobalti kutoka inchini, juu bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa ratili moja, ni kusema karibu nusu kilo. Miaka mitatu tu nyuma yake, ratili hiyo hiyo ilikuwa inakaribia dola 40.

Mama mumoja wa hapa Katoto, ambaye mutoto wake alirudi kutoka Kolwezi bila kazi, aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: « Papa delege, redio inasema Bachina banauzisha motoka kupita Bamerika. Motoka ya umeme inaomba kobalti. Kobalti iko kwetu. Sasa juu ya nini mutoto anarudia ku nyumba? »

Hesabu yake haina kosa. Ni hesabu ambayo wakubwa wetu pia walitufundisha kwa miaka mingi, kwenye mikutano na kwenye televisheni: dunia inaenda kwenye umeme, umeme unaomba kobalti, kobalti ni Kongo. Lakini kuna kitu kilibadilika katikati ya mustari, na kilibadilikia China, siyo kwetu. Motoka ziliongezeka sana. Kobalti ndani ya kila motoka ndiyo ilipunguka. Na iliyoipunguza ni vita ya bei kati ya Wachina wenyewe.

Vita ya ndugu kwa ndugu

BYD haikuanza na motoka. Ilianza mwaka 1995 na batri, zile ndogo za telefone na vyombo vya mukono. Mwanzilishi wake, Wang Chuanfu, alisomea mambo ya metali na kemia. Ni mwaka 2003 tu ndipo alinunua kiwanda cha motoka kilichokuwa kinachechemea. Wengine walikuwa na motoka wakatafuta batri. Yeye alikuwa na batri, akatafuta motoka ya kuiweka ndani. Tushike jambo hili, juu mutu anayetengeneza batri yake mwenyewe anaamua yeye mwenyewe ataweka madini gani ndani. Machi 2022 BYD iliacha kabisa kutengeneza motoka za esanse tupu.

Lakini BYD haiko peke yake uwanjani. Kuko Geely, SAIC, Great Wall, Chery, Nio, XPeng, Li Auto, Leapmotor. Hata Xiaomi, ambao telefone zao tunaziona sokoni hapa Kamina, walitoa motoka yao ya kwanza Machi 2024. Kwa zaidi ya miaka 10 serikali ya China ilimwaga makuta kuwasaidia wanunuzi, na kila jimbo la kule lilitaka kiwanda chake. Mwisho wa 2022 musaada ule wa serikali kuu kwa wanunuzi ulikatwa. Viwanda vilibaki. Mwaka 2024 viwanda vya China viliuzisha motoka karibu milioni 12,9 za umeme na za kuchanganya, na bado vilikuwa na nguvu ya kutengeneza zaidi ya ile soko ingeweza kumeza.

Kiwanda chenye mashini za bei kali hakiwezi kulala. Basi kinashusha bei. Mwanzoni mwa 2023 Tesla ilikata bei zake kule China, wengine wakafuata, na tangu pale hakuna aliyeweza kusimama. Mwezi wa Mei 2025 BYD ilishusha bei ya aina 22 za motoka kwa mara moja. Ndogo yao, Seagull, ilifika yuan 55 800, ambayo haifiki dola 8 000. Wei Jianjun, mukubwa wa Great Wall, alisema waziwazi kwamba kati ya watengeneza motoka mumekwisha kuwa na Evergrande, akitaja ile kampuni kubwa ya nyumba iliyoangushwa na madeni. Wachina wana neno kwa hali hii, neijuan, kujikunja ndani: wote wanakimbia zaidi kila siku na hakuna anayesogea mbele.

Na waliokufa wako. WM Motor iliomba ulinzi wa tribinali kwa ajili ya madeni mwaka 2023. HiPhi ilisimamisha kazi mwanzoni mwa 2024. Jiyue, mutoto wa Baidu na Geely, iliporomoka Desemba 2024, wafanyakazi wakamuzunguka mukubwa wao wakimuomba mishahara. Neta ilifika tribinali Juni 2025. Kila mara kuna wafanyakazi wa Kichina wanaobaki njiani. Wale ni wenzetu, tusiwasahau tunaposema « Wachina » kama vile ni mutu mumoja.

Sasa swali la kwanza ambalo mutu wa sendika anapaswa kuuliza: motoka ikishuka bei, nani amelipa ule upunguzo? Sehemu moja ililipwa na akili, ufundi mupya na mashini bora. Hiyo tuwape haki yao. Sehemu ingine ililipwa na wale wanaowaletea vipande: viti, vioo, chuma, nyaya. Watengeneza motoka walikuwa wanachelewesha malipo yao miezi na miezi, mpaka Juni 2025, chini ya mukazo wa serikali yao, BYD na wenzake wengi wakaahidi kulipa ndani ya siku 60.

Sisi tunaijua dawa hii. Mutu aliyefanya kazi chini ya ile tunaita sous-traitance hana haja ya kuelezwa. Mimi nilipita katika kampuni moja ya namna ile, sitaitaja, na neno lililokuwa linatungoja kila mwisho wa mwezi lilikuwa moja: « Wakubwa hawajatulipa, muvumilie. » Nilidhani ni ujanja wa Kolwezi. Kumbe ni namna ya kazi ya dunia nzima: mukubwa anashindana kwa bei, mudogo anamukopesha bila kupenda, na mufanyakazi wa mudogo anamukopesha mudogo.

Ndani ya batri kuna nini

Hapa ndipo kobalti inaingia, au tuseme inatoka.

Kitu cha bei kali kupita vyote ndani ya motoka ya umeme ni batri. Anayetaka kushusha bei ya motoka anaanza pale. Kuna familia mbili kubwa za batri. Ya kwanza inachanganya nikeli, manganizi na kobalti. Mwanzoni walikuwa wanaweka kila moja sehemu sawa, theluthi kwa theluthi. Kisha wakaenda kwenye sita, mbili, mbili: nikeli 6, manganizi 2, kobalti 2. Kisha nane, moja, moja. Kila hatua kobalti ilipungua, juu ndiyo ilikuwa ghali na bei yake ilikuwa inaruka kama panzi.

Familia ya pili inatumia chuma na fosfati. Kobalti hakuna, nikeli hakuna. Zamani ilidharauliwa, juu ni nzito na motoka haifiki mbali sana. Machi 2020 BYD ilionyesha batri yake ya Blade, ya chuma na fosfati, iliyopangwa kwa vipande virefu kama visu ili nafasi isipotee. Mwaka ule ule Tesla ilianza kuweka batri za chuma na fosfati katika motoka zake za Shanghai, na aliyemuletea ni CATL, kampuni ya muji wa Ningde, mutengeneza batri mukubwa kupita wote duniani. Batri ya namna hii ni rahisi kwa karibu 30 kwa mia kuliko ile ingine. Katika vita ambamo watu wanapigania hata dola 100, 30 kwa mia ya batri ni kitu cha kuua au kuponyesha kampuni.

Matokeo: mwaka 2024 karibu nusu ya batri zote za motoka duniani zilikuwa za chuma na fosfati. Kule China kwenyewe zilikuwa karibu robo tatu. Motoka za BYD zilizopita zile za Tesla hazina kobalti yetu ndani ya batri zao. Hilo ndilo jibu kwa yule mama, na silo tamu.

Nisieleweke vibaya. Kobalti haijakufa. Motoka za bei ya juu na zile za kwenda mbali bado zinaitumia, Ulaya na Amerika bado wanaiomba sana, na iko ndani ya telefone, ndani ya mashini za ndege. Tani zinazoombwa duniani ziliendelea kuongezeka. Lakini ziliongezeka pole pole, na sisi tulikuwa tunazitoa mbio.

Kobalti ni mutoto wa shaba

Juu ya nini tulitoa mbio hivyo wakati bei inaanguka? Mukulima wa Kaniama akiona bei ya mahindi imeshuka, mwaka unaofuata analima kitu kingine. Mugodi haufanyi hivyo, juu kwetu kobalti haitafutwi peke yake. Inatoka pamoja na shaba katika jiwe lile lile. Kampuni inayotaka shaba inapata kobalti ikitaka isitake, na makuta ya kuvunja jiwe yamekwisha kulipwa na shaba. Hata kobalti ikiuzishwa kwa bei ya chumvi, bado ni faida juu yake.

Angalia CMOC. Ilinunua Tenke-Fungurume kutoka kwa Wamarekani wa Freeport mwaka 2016, kisha Kisanfu mwaka 2020. Mwaka 2023 ilitoa karibu tani 55 500 za kobalti na ikapita Glencore kuwa ya kwanza duniani. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 114 000. Mara mbili kwa mwaka mumoja, kampuni moja, wakati dunia nzima inatoa kiasi cha tani laki mbili na kitu. Hakuna bei inayoweza kusimama mbele ya mafuriko ya namna ile.

Na hapa kuna kitu ambacho sisikii kikisemwa sana kwenye mikutano yetu. Mwaka 2021 CATL ilinunua karibu robo ya mugodi wa Kisanfu, na baadaye ikaingia ndani ya CMOC yenyewe kama mwenye hisa mukubwa. CATL ile ile inayouzisha batri zisizo na kobalti. Kwake yeye kobalti kuanguka siyo musiba. Bei ikiwa chini, batri zake zenye kobalti zinamupa faida. Bei ikiwa juu, mugodi wake unamupa faida, na batri zake za chuma na fosfati zinapata wanunuzi zaidi. Alijipanga pande zote mbili za meza. Simulaumu, ni biashara yake. Ninauliza tu sisi tumekaa upande gani wa meza ile, na kama tuna kiti.

Kufunga mulango kulileta nini

Serikali ilifunga mulango kwa miezi minne, kisha mwezi wa Juni ikaongeza mitatu. Mwezi wa Septemba ARECOMS, lile shirika la kusimamia soko la madini ya maana, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 kutakuwa kota: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96 600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Ni chini ya nusu ya kile kilichokuwa kinatoka. Bei ilipanda: mwisho wa mwaka ratili ilikuwa imepita dola 20.

Mimi ninaunga mukono kota. Inchi inayotoa zaidi ya robo tatu... tuseme kiasi cha robo tatu ya kobalti ya dunia na bado inaomba bei kwa kupiga magoti, ilikuwa aibu. Tena serikali ina sababu yake ya wazi: tangu mwisho wa 2018 kobalti ni madini ya maana kisheria, na kodi yake ya madini, ile redevance, ni 10 kwa mia, wakati shaba inalipa 3,5 kwa mia. Kobalti ikianguka, kasha la serikali linasikia haraka.

Lakini tuhesabu nani alibeba muzigo wa ile miezi. Kampuni kubwa ziliendelea kutoa shaba, na kobalti zikaiweka kwenye depo. IXM, mukono wa biashara wa CMOC, iliwaandikia wateja kwamba haiwezi kutimiza kontra kwa sababu ya nguvu iliyo juu yake. Sheria inaruhusu hivyo. Muchimbaji wa mikono hana depo, na hana wa kumuandikia. Anayelala na gunia la kobalti bila munyunuzi analala na njaa. EGC, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2019 ili inunue kobalti ya wachimbaji wa mikono, mpaka sasa haijawa soko ambalo kreza wa kawaida anaweza kulitegemea. Na kwenye migodi mikubwa, waliorudishwa nyumbani hawakuandikwa kama waliofukuzwa: kontra ya kampuni ya sous-traitance iliisha, basi.

Ujanja uko pale. Kanuni ya Kazi ya inchi yetu inakataza kufukuza watu kwa wingi bila ruhusa ya Waziri wa Kazi. Lakini kama watu 300 wako chini ya kampuni ndogo, na kampuni kubwa haifanyi upya kontra yake na ile ndogo, hakuna « kufukuza kwa wingi » katika karatasi yoyote. Kuna kontra iliyomalizika. Na shirika la RAID, katika uchunguzi wake wa 2021 juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti, lilikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wanapita kwa sous-traitance. Ni kusema zaidi ya nusu ya watu wanaweza kuondoka bila mulango kulia.

Kuna hatari ingine ambayo wanaosherehekea bei ya sasa hawaitaki. Tulishaona sinema hii. Mwaka 2018 kobalti ilipita dola 40, kila mutu akaimba. Mwaka uliofuata ilikuwa chini, na Glencore ikafunga Mutanda, mugodi mukubwa wa kobalti duniani wakati ule, mpaka 2021. Ni katika miaka ile ile ambayo BYD na CATL walitengeneza upya batri ya chuma na fosfati. Bei yetu ya juu ndiyo iliwalipia masomo. Mwaka 2022 ikapanda tena, na tena wakakimbia mbali zaidi. Pembeni, Indonesia imekwisha kuwa ya pili duniani kwa kobalti, inayotoka pamoja na nikeli yake, katika viwanda vingi vilivyojengwa na Wachina wale wale. Kila tani tunayoizuia, kuna mutu Indonesia anaihesabu.

Delege anayeingia kwenye mazungumzo

Basi tushike nini? Shaba. Motoka ya esanse inabeba kiasi cha kilo 20 za shaba. Ya umeme inabeba kiasi cha kilo 80, iwe na batri ya kobalti au ya chuma. BYD akishinda au Geely akishinda, Xiaomi akifa au akiishi, shaba inaingia: katika mota, katika nyaya, katika nguzo za kuchajia. Na Kongo sasa ni kati ya wa kwanza duniani, na zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Mwisho wa 2025 tani ya shaba ilikuwa imepita dola 11 000 kule London.

Lakini kwenye meza ya mazungumzo nimeona delege wakikubali kuongelea kobalti tu. Mwajiri anafungua kompyuta, anaonyesha mustari unaoshuka, anasema: « Muone wenyewe, kobalti imekufa, primi tutaipata wapi? » Na delege wanatikisa vichwa. Hakuna aliyeomba kuona mustari wa shaba, ambao siku ile ile ulikuwa unapanda. Kama kobalti ni mutoto wa shaba, hatuwezi kukubali mushahara uhesabiwe kwa mutoto mugonjwa wakati mama yake ananona.

Kuhusu kota, kuna jambo jipya ambalo sendika bado hazijalichezea. Zamani kampuni ilikuwa inauzisha kadiri inavyoweza. Sasa haki ya kutoa kobalti ni zawadi ya serikali, inayogawanywa kampuni kwa kampuni, na ARECOMS inaweza kuinyanganya kwa asiyefuata masharti. Masharti yanaongelea kodi na mazingira. Kwa nini yasiongelee mishahara isiyolipwa? Kampuni ambayo kampuni zake ndogo zina deni la miezi mitatu kwa wafanyakazi, ipatiwe kota kamili kwa sababu gani? China yenyewe imewalazimisha watengeneza motoka wake kulipa ndani ya siku 60. Tukiomba kitu kile kile kwa kampuni za China zilizo kwetu, hatuombi ajabu.

Na sisi wa Haut-Lomami?

Kabla ya 2015, Kamina na Kolwezi zilikuwa jimbo moja. Baada ya kugawa majimbo, migodi ilibaki Lualaba na Haut-Katanga. Sheria ya 2018 inagawa kodi ya madini hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo la mugodi, 15 muji au sekteri ya mugodi, 10 mufuko wa vizazi vijavyo. Jimbo la mugodi siyo sisi. Sisi tunatoa mikono. Kijana anapanda treni ya SNCC kama iko, au kamio kama treni haiko, anaenda Kolwezi kulala watu wanane katika chumba kimoja. Bei ikipanda anatuma kitu. Bei ikishuka tunamupokea sisi, na hakuna fungu la redevance la kumupokea nalo. Hata ile njia ya Lobito inayoimbwa kila siku inatoka Kolwezi kwenda Dilolo na Angola. Kamina, njia panda ya reli tangu wakati wa BCK, inabaki ikiisikia redioni.

Sasa kuna wimbo mupya: lithiamu. Manono iko Tanganyika, lakini inapakana na Malemba-Nkulu yetu, ambako vijana wanachimba kasiterite siku nyingi. Zijin, Wachina tena, wako pale pamoja na Cominière. AVZ ya Australia inapigana tribinalini ikisema mugodi ni wake. KoBold, Wamarekani, walitia sahihi na serikali Julai 2025. Kwa kweli lithiamu ina jambo moja zuri kuliko kobalti: batri zote mbili, ya kobalti na ya chuma, zinaiomba. Kwa hiyo ninasikia hapa Katoto wazazi wakisema heri mutoto aende Manono.

Ninawaomba wafungue macho. Mwisho wa 2022 tani ya lithiamu iliyosafishwa ilikaribia yuan laki 6 kule China. Katikati ya 2025 ilikuwa kama elfu 60. Moja ya kumi. Juu ya nini? Ni vita ile ile: wote walikimbilia kuchimba, wote walitoa kwa wakati mumoja. Na Aprili 2025 CATL ilionyesha batri yake ya sodiamu, yenye kutoka kwa kitu cha jamii ya chumvi, ambamo hata lithiamu hakuna. Haitaua lithiamu kesho. Lakini batri ya chuma nayo, mwaka 2018, hakuna aliyeiogopa.

Motoka zenyewe, tutaziona lini? Nairobi wanapanda basi za BYD tangu 2022 kupitia kampuni ya BasiGo. Ethiopia ilikataza kuingiza motoka za esanse mwaka 2024, na sasa za Wachina zinajaa Addis Ababa. Huku Kamina kuchaji telefone ni biashara ya mutu na bamba lake la jua, kwa hiyo sitasema mengi juu ya kuchaji motoka.

Nitasema neno kwa wadeputé wetu wa jimbo na wa taifa. Hesabu ya wafanyakazi wa Haut-Lomami walio katika migodi ya Lualaba haiko mahali popote: wangapi wana kontra ya kweli, wangapi wako chini ya sous-traitance, wangapi walirudi mwaka 2025. Bila hesabu ile hatuwezi kwenda Kolwezi wala Kinshasa kudai kitu. Sendika zinaweza kuianza katika kila mutaa, kuanzia Katoto, na daftari na kalamu, mulango kwa mulango. Kota zilizotangazwa zinaenda mpaka mwisho wa 2027. Daftari inapaswa kuwa imejaa kabla ya pale, siku watakapokaa tena kugawa tani.